Nafasi Moja ya Mjane

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Ukija dukani kwangu ukaniambia, "Dada Hosiana, fanya haraka, jeneza limeshafika," nitakujibu kwamba mimi sikumuua. Halafu nitakuchapia. Ndivyo nilivyo. Nina steshenari hapa Kyela mjini, jirani na stendi, huu mwaka wa kumi na moja. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba ya kakao, kadi za harusi, lakini kazi watu wanayonijua nayo ni wasifu wa marehemu.

Watu wanakufa, si kosa langu. Na huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Sharti asomwe: kazaliwa lini, kasoma wapi, kaoa nani, kaacha nani. Karatasi hiyo ndiyo inayozaa ratiba, na ratiba ndiyo anayoishika mshereheshaji pale kaburini. Wajane wasogee. Watoto wasogee. Wajukuu wasogee. Aliyeitwa anasogea, anatupa udongo, anaweka shada lake. Asiyeitwa anabaki alipo, hata kama ndiye aliyekuwa akimnywesha marehemu uji. Hakuna anayemfukuza, ila haitwi.

Miaka yote hiyo nilikuwa na faili moja kwenye kompyuta, nimelipa jina MSIBA. Mteja akija nalifungua, nafuta jina la marehemu aliyepita, naweka la huyu, nabadilisha tarehe, nachapa. Lilianza na mzee Erasto, mzee wa kanisa, mtu wa mke mmoja na mwavuli mmoja, ambaye familia yake ndiyo ilikuwa wateja wangu wa kwanza. Kwa hiyo Kyela nzima wamezikwa ndani ya koti la mzee Erasto. Wengine liliwabana, wengine liliwapwaya. Kuna mvuvi mmoja, Mungu amrehemu, mlevi wa kutupwa, nilisahau kufuta mstari, ikasomwa mbele ya umati kwamba alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili. Watu walicheka msibani! Mjane mwenyewe alicheka. Mimi niliondoka nimejifunika kitenge usoni.

Baada ya aibu hiyo mwalimu Andrea, anayefundisha kompyuta sekondari, akaniambia, "Dada, acha kufutafuta. Siku hizi kuna wakala wa akili unde. Unampa mafaili yako, anakutengenezea kiolezo kimoja safi, na ukimletea habari za mtu anajaza mwenyewe." Nikamwambia wakala ninayemjua mimi ni yule wa kutuma hela, na hata huyo simwamini. Akacheka, akaniwekea kwenye laptopu, akamfungulia folda langu lote.

Marehemu mia tatu themanini na sita. Niliwaona wanapita kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, majina niliyoyaandika kwa vidole vyangu. Sikuwa hata nimemaliza ndizi niliyokuwa namenya, akawa amewasoma wote. Kisha akaniletea MSIBA mpya yenye nafasi tupu zilizopangwa, na chini ameandika kwamba kuna mistari kumi na mitatu isiyobadilika katika hati zote. Akauliza: je, mistari hii ni kweli kwa kila marehemu, au ilibaki kutoka hati ya kwanza?

Jamani! Kitu ambacho hakijawahi kukanyaga Kyela kimeliona koti la mzee Erasto! Mwalimu Andrea akanitazama anasubiri jibu. Na mimi, kwa kiburi changu na foleni ya wateja mlangoni, nikaandika: ni ya wote, endelea.

Basi. Jumamosi moja ya Aprili, mvua inanyesha kama inavyonyesha huku, yaani bila kuomba ruhusa, aliingia Eliud saa mbili asubuhi. Eliud ni mtoto wa kwanza wa mzee Zebedayo wa Bujonde, mkulima wa mpunga na kakao, aliyefariki Alhamisi. Suruali imelowa mpaka magotini, mfuko wa nailoni kaukumbatia kifuani.

"Pole sana, kaka Eliud."

"Ndaga, asante dada. Ni mapenzi ya Mungu." Hakukaa. "Tunazika saa tisa. Nataka wasifu, ratiba na tangazo la kubandika kanisani. Ratiba nakala mia mbili. Wasifu nitausoma mwenyewe."

"Kaa kwanza. Mimi si mashine."

Akaitazama laptopu. "Si nasikia siku hizi unayo?"

Nikamnunia, ingawa alisema kweli. Akatoa vitu vyake mfukoni. Kwanza karatasi aliyoiandika yeye: marehemu Zebedayo, mjane Maria, watoto tisa na majina yao, wajukuu ishirini na wanne chini ya wazazi wao, neno la shukrani kwa niaba ya watoto litasemwa na Jubilate. Pili daftari la mzee, lile la kaunta, jalada limeliwa na mende, alilokuwa akiandikia mambo yake tangu ujana.

"Tarehe za kuzaliwa zimo humo," alisema. "Mimi sizikumbuki zote."

"Kwa nini Jubilate ndiye atoe shukrani, na wewe mkubwa upo?"

"Ndiye aliyemuuguza, dada. Miezi sita alikuwa anamgeuza kitandani kama mtoto. Sisi tulikuwa tunakuja na sukari na kuondoka. Nikisimama mimi, watu watanicheka."

Nikampenda kwa jibu hilo. Nikapiga picha karatasi yake, nikapiga picha daftari, kurasa zote, sikuchagua. Nikamwandikia wakala: jaza MSIBA kutoka humu, wasifu, ratiba na tangazo, na aliyemuuguza ni Jubilate.

Eliud akavuta kiti tukaangalia pamoja. Mwandiko wa mzee Zebedayo ulikuwa umelala upande kama mpunga uliopigwa na upepo, mimi mwenyewe ningehitaji siku mbili kuusoma. Wakala aliusoma huku tunamtazama. Mistari ikaanza kujaa. Marehemu alibatizwa akiwa mkubwa. Marehemu alileta miche ya kakao kwa baiskeli, safari tisa, na miche kumi na minne ikafa, naye akaiandika yote kumi na minne. Marehemu alikuwa akifuata vyungu Ikombe kwa mtumbwi na kwenda kuviuza Malawi, ambako ana wajomba. Mwaka wa kuzaliwa ukabaki wazi, na pembeni maelezo: "Marehemu ameandika alizaliwa mwaka wa mafuriko. Sijui kwenu ni mwaka gani. Nimeacha nafasi."

"Kitambulisho chake kinasema mwaka wa arobaini na tisa," alisema Eliud, na sauti ikamkatika. "Dada, hii imemjuaje baba?"

"Imesoma daftari."

"Mimi ni mwanawe, na sikuwahi kulisoma."

Nilimpa karatasi ya kujifutia machozi, A4, ndiyo iliyokuwepo. Hati tatu zilikuwa zimekamilika, zimepangika, na mzee Zebedayo yumo ndani yake anatembea, si mzee Erasto. Miaka kumi na moja nachapa wasifu na sijawahi kumwona marehemu kwenye karatasi yangu.

Halafu chini kabisa ikatokea hivi:

"Kabla hujachapa, nina swali. Mstari usiobadilika wa MSIBA unasema: 'Katika ndoa hiyo takatifu na mjane wake Maria, walijaaliwa watoto tisa.' Daftari la marehemu linasema watoto sita ni wa Maria, na watatu, yaani Jubilate, Angetile na Asifiwe, ni wa 'mke wangu Yunis wa Talatala.' Fomu ina nafasi moja tu ya mjane. Sitaki kukisia. Niandikeje?"

Eliud akalivuta daftari kwake, akalifunga. Na mimi sikumwuliza Yunis ni nani.

Maana Yunis tunamjua wote. Ni Mkisi wa Ikombe, kabila la huko ziwani, mfinyanzi. Katika zile safari za kufuata vyungu, mzee Zebedayo alirudi siku moja na vyungu na Yunis. Akamjengea Talatala, akalima kwake na akalima Bujonde. Kanisa lilimtenga mzee miaka kadhaa, wakaja kumrudisha nywele zikiwa nyeupe, na kwenye vitabu vyao mke ni Maria. Maria hakusema neno. Yunis hakusema neno. Watoto walikua wanaitana ndugu, ila mama zao ni kama mito miwili isiyokutana.

"Andika kama nilivyoandika mimi," alisema Eliud.

"Una uhakika?"

"Dada Hosiana, mimi ndiye mteja."

Kweli, ndiye mteja. Nikaandika: acha mjane mmoja, Maria, na watoto tisa. Jibu likaja hapohapo, wala halikununa:

"Sawa, nimeacha. Angalia tarehe: Andendekisye alizaliwa tarehe tatu Machi 1991, na Jubilate tarehe kumi na tisa Mei mwaka huohuo. Wasifu utasomeka kwamba Maria alijifungua mara mbili ndani ya siku sabini na saba. Je, niondoe tarehe, au kuna tarehe iliyokosewa?"

Nisamehewe, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza. Njia ya mwongo ni fupi jamani, lakini hii ilikuwa fupi kuliko ya kutoka hapa kwenda kwenye mashine ya fotokopi. Ningeichapa mimi kwa mazoea, Eliud angeisoma, na wanawake wa Bujonde, ambao kwa kuhesabu miezi hawana mpinzani, wangemmaliza pale pale kaburini.

Eliud hakucheka. Macho yalikuwa yamemwiva. "Basi waondoe hao watatu."

"Eliud!"

"Waondoe, dada! Unanipigia kelele za nini? Waondoe tuone."

Na mimi nikapandwa. Nikasema sawa, si unataka? Nikapiga hizo herufi kama namponda nyoka: ondoa Jubilate, Angetile na Asifiwe. Sasa hapa nataka mnielewe. Kwenye MSIBA ya zamani ningefuta majina matatu kwenye mstari mmoja na kazi ingekwisha. Kidole kimoja, sekunde tatu, na nisingejua nimefanya nini. Lakini huyu alikuwa amezifunga hati zote tatu pamoja, ukivuta uzi huku, kule nako kunafumuka. Tuliona kwa macho yetu. Kwenye wasifu tisa ikawa sita. Kwenye ratiba mistari ikapanda juu kuziba mapengo. Kwenye tangazo pia. Kisha akaripoti:

"Nimeondoa. Watoto sasa ni sita. Wajukuu wamepungua kutoka ishirini na wanne hadi kumi na saba. Kwenye kuweka mashada, watu kumi hawataitwa tena. Kipengele cha 'Aliyemuuguza marehemu' kimebaki bila jina. Neno la shukrani kwa niaba ya watoto halina msemaji, kwa sababu Jubilate si mmoja wa watoto tena. Nani aseme?"

Hakulaumu. Hakuhubiri. Alitaja tu kilichotokea, kimoja kimoja, akauliza nani aseme. Mimi nimehubiriwa na wachungaji wa kila aina na sijawahi kupatikana namna ile. Nilimtazama Eliud. Alikuwa ameukodolea macho ule mstari unaomtaja Jubilate.

"Jubilate si mmoja wa watoto tena," alisoma kwa sauti ndogo. Akainuka akatoka nje, akasimama barazani chini ya bati, mvua inamrukia.

Nikabaki mimi na laptopu. Na moyo wangu ukawa unanisuta, maana niliikumbuka foleni ile na jibu langu la ni ya wote, endelea. Nikaandika swali ambalo nilikuwa naliogopa. Katika zile hati zangu mia tatu themanini na sita, ni wajane wangapi wameachwa nje kama huyu?

Akajibu: "Siwezi kujua. Kila hati iliyotaja mjane imemtaja mmoja. Kama kulikuwa na wengine, hawakuandikwa, kwa hiyo hawamo nilikosoma."

Ee Kyala, Mungu wangu. Nilikaa nikaikodolea macho sentensi hiyo. Hawamo. Nilianza kukumbuka nyuso. Mama mmoja wa Talatala aliyekuja na shemeji yake, akakaa kwenye benchi langu kimya tangu asubuhi mpaka mchana, sikumuuliza yeye ni nani. Mwingine aliniuliza kama kuna nafasi ya kuongeza jina, nikamjibu kwa ukali kwamba fomu ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyo! Kama vile fomu ilishuka kutoka mbinguni. Fomu niliitengeneza mimi, kwa uvivu wangu, kutoka kwa mtu mmoja, na nikaifanya kuwa sheria ya wilaya. Nililia, sifichi. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti alinikuta nalia, akadhani nimefiwa, akaniambia pole mama.

Eliud aliporudi ndani alikuwa ametulia. Akakaa.

"Dada, si kwamba namchukia mama Jubilate," alisema. "Nikiwa mdogo nilikuwa nakwenda kwake Talatala kula wali kwa samaki, mama akidhani nipo shambani. Ninachoogopa ni mchungaji. Tulimrudisha baba kanisani kwa shida. Nikisema wajane wawili mbele yake, wakakataa kumzika? Nibaki na baba yangu kwenye jeneza, na mvua hii? Na mama je? Miaka thelathini na zaidi hajawahi kulitamka hilo jina mbele yetu. Nimwaibishe siku ya kumzika mumewe?"

Hapo nikamwelewa. Nilikuwa nimeshamhukumu, kumbe amebeba mzigo wa watu wawili. Nikamwuliza, "Wasifu anasoma nani? Mchungaji?"

"Nasoma mimi."

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Mimi nimeacha kuwachagulia watu. Nimewachagulia vibaya miaka kumi na moja. Nitakuchapia zote mbili."

Nikamwagiza wakala: tengeneza nafasi ya wajane, wawe wangapi wawavyo, na kila mtoto awe chini ya mama yake. Kisha nipe seti mbili za hati za mzee Zebedayo, moja yenye Maria peke yake na watoto sita, nyingine kama daftari lake linavyosema. Zilitoka kabla sijajaza karatasi kwenye printa. Fomu iliyokuwa ngumu kama jiwe miaka kumi na moja ilifunguka kwa sentensi moja. Nilijiuliza nani alinizuia siku zote hizo kuiandika sentensi hiyo, nikakosa wa kumsingizia.

Nikachapa ratiba mia za hivi na mia za vile, nikaziweka kwenye bahasha mbili. Eliud akazitia zote mfukoni, ndani ya koti. Hakuniambia atasoma ipi. Alisema ndaga fijo, asante sana, akaondoka na pikipiki kwenye matope.

Niliwahi kujiambia kwamba mimi huchapa misiba, siendi. Siku hiyo nilifunga duka saa saba, nikapanda bodaboda hadi Bujonde. Nilitaka kujua bahasha gani itafunguliwa.

Uwanja ulijaa. Wanaume chini ya turubai, wanawake ndani na barazani, ndugu wa Malawi wamekaa mstari wao. Maria alikuwa mbele ya jeneza kwenye mkeka, mama mfupi, mweusi tii, hana chozi. Yunis nilimtafuta kwa macho mpaka nikamwona nyuma kabisa, jikoni, kwenye moshi pamoja na wanaopika, ameshika mwiko. Alikuwa kwenye msiba wa mumewe kama mpishi aliyeazimwa. Jubilate alikuwa amesimama katikati, hayuko kwa mama yake wala kwa ndugu zake, anavunjavunja vidole. Ratiba hazikuwa zimegawiwa bado.

Mshereheshaji akamwita Eliud asome. Eliud akasimama, akaingiza mkono ndani ya koti. Akautoa mtupu. Akauingiza tena. Mimi nikasema moyoni, wee Eliud, usiniue. Akatoa karatasi, na kwa pale nilipokuwa nikashindwa kujua ni ipi.

Alisoma vizuri. Alisoma miche ya kakao, safari tisa, na ile kumi na minne iliyokufa, na wazee wakaguna kwa kukumbuka. Alisoma vyungu vya Ikombe. Hapo akaishusha karatasi.

"Marehemu baba yetu," alisema, na macho hayakuwa kwenye karatasi tena, "ameacha wajane wawili. Maria, mama yangu. Na Yunis, mama yake Jubilate. Ameacha watoto tisa."

Mvua tu juu ya turubai. Mzee mmoja wa kanisa aliinuka, akafungua mwavuli, akaondoka, na hakuna aliyemfuata. Mchungaji alitazama kitabu chake muda mrefu, halafu akageuza ukurasa. Ikawa basi. Eliud alimaliza kusoma huku jasho linamtiririka, vijana wakaanza kugawa ratiba, na Jubilate akatoa neno la shukrani ambalo sikulisikia hata moja kwa jinsi nilivyokuwa nalia.

Tukaenda kaburini. Jeneza likashushwa. Mshereheshaji akainua karatasi yangu. "Wajane wasogee."

Maria akasogea. Yunis hakusogea. Alikuwa amekuja mpaka nyuma ya umati, mwiko bado mkononi, na alibaki amesimama pale pale anamtazama mshereheshaji kama anayesikia lugha ya watu wengine. Mshereheshaji akarudia. Jubilate akamgusa mama yake begani, naye akatikisa kichwa. Tangu aje huku kwetu hakuna aliyewahi kumwita mbele ya watu, na miguu ilikuwa haijui.

Maria akageuka. Umati ukampisha, akapita katikati yetu na matope yake mpaka aliposimama Yunis, akauchukua ule mwiko mkononi mwake, akanipa mimi niliyekuwa karibu.

"Yunis," alisema. Nilimwona Eliud anaziba mdomo. "Njoo tumzike. Peke yangu nitaanguka."

Wakaenda wameshikana. Wakatupa udongo, kwanza mmoja, kisha mwingine, na vilio vya wanawake vikapanda mpaka nikadhani bati la nyumba litang'oka. Mimi nimeshika mwiko wenye ugali, sijui nauweka wapi.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, Yunis alinifuata. Alikuwa ameambiwa mimi ndiye niliyechapa. Nilitaka kumwambia habari za fomu, na za wale wengine ambao hawamo, lakini hakunipa nafasi. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatoa ratiba iliyokunjwa vizuri, akainyoosha mbele yangu.

"Mimi sikusoma, mwanangu," alisema. "Nionyeshe lilipo."

Nikakishika kidole chake, kidole cha mfinyanzi, kigumu, kina udongo kwenye ufa wa kucha, nikakiweka juu ya jina. Akakituliza hapo. Akainama akaangalia kwa karibu, kisha akaangalia tena.

"Kumbe ni dogo hivi," alisema. "Nilivyolisikia pale, nilidhani limejaza karatasi yote."